Ukitaka kuwa mwanafilamu, fungua masikio kabla ya kamera

KAMA umejiunga na kozi ya filamu mwaka huu, au unajifunza mwenyewe kwa simu ukiwa kwenye keja yako kule Pipeline au Kayole, kaa hapa kidogo. Nataka kukuepusha na kosa lililoniliza nikiwa mwaka wa pili chuoni.

Kazi tuliyopewa ilikuwa rahisi kuisikia: tengeneza filamu ya dakika tano kuhusu mtu unayemjua. Wenzangu walikimbilia wanamuziki na wachezaji wa mpira. Mimi nikamchagua mama. Mama huuza mashati ya mitumba Gikomba, na karo yangu yote imetoka kwa mashati hayo. Niliazima kamera ya chuo kwa siku moja, Jumamosi, nikaandamana naye sokoni.

Aliongea dakika arubaini. Alisimulia alivyofika Nairobi akiwa na mfuko mmoja. Akasimulia mtaji wake wa kwanza, Sh3,000 alizokopeshwa na chama, na siku aliyofungua beli akitarajia mashati akakuta makoti mazito ya baridi, tena Januari. Alitaja mambo ambayo sikuwa nimeyasikia maisha yangu yote. Alilia kidogo, akacheka, akamhudumia mteja, akaendelea. Nami nyuma ya kamera nilikuwa nikijiambia: maze, hii ni tuzo.

Jioni nikaingiza video kwenye laptopu. Picha zilikuwa safi. Sauti nayo ilikuwa ya kila mtu isipokuwa mama. Muuzaji wa jirani akiimba "mia, mia, chagua na mia!", wabeba mizigo wakitaka wapishwe njia, mkokoteni ukilalamika, mhubiri na spika yake. Katikati ya yote hayo nilimwona mama akifungua na kufunga mdomo, lakini hasikiki.

Nikajipa moyo kwamba ningerudi. Wiki tatu baadaye, moto ukazuka usiku. Ukiishi Nairobi unajua moto wa Gikomba si habari geni. Kibanda cha mama kilikuwa upande ulioteketea. Hapakuwa tena na mahali pa kurudi.

Nitakuambia mwishoni mambo yalivyoisha. Kwanza tupitie mambo ambayo ningependa mtu angenikalisha chini anieleze kabla ya ile Jumamosi.

Kila shoti ijibu swali

Wanafunzi wengi wa filamu huanza kwa kukariri majina ya shoti kama jedwali la hesabu. Hiyo haitakusaidia. Ni rahisi zaidi ukifikiria maswali ya mtazamaji.

Swali lake la kwanza ni: tuko wapi? Hapo unampa shoti pana. Gikomba yote, mapaa ya mabati, watu wamejaa, mama yuko mahali fulani ndani yake. Swali la pili: nani anafanya nini? Unampa shoti ya kati, kutoka kiunoni kwenda juu, mama akikung'uta shati na kulitundika. Swali la tatu: anahisi vipi? Hapo unaingia karibu, uso ujaze fremu. Kisha kuna shoti ya karibu sana, ya kitu kimoja tu: kidole kikikagua kifungo kilicholegea, noti iliyokunjwa ikiingia kwenye aproni.

Ukiwa na hizo nne za tukio moja, una kitu cha kuediti. Ukirudi nyumbani na shoti moja ndefu ya dakika arubaini kama mimi, huna mahali pa kukata.

Shikilia kila shoti angalau sekunde kumi bila kutikisa mkono. Najua sekunde kumi zitaonekana nyingi ukiwa pale. Ukifika kwenye kuediti utazishukuru. Na acha kuzungusha kamera huku na huku kama mtu anayetafuta aliyemuibia simu. Ukitaka kusogeza kamera, jiulize kwanza inafuata nini. Kama haifuati mtu, kitu wala wazo, iache itulie.

Kimo cha kamera ni heshima

Hili sikulijua, na linanikera hadi leo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mimi nilikuwa nimesimama, kamera kifuani. Matokeo yake, kila shoti ya mama inamtazama kutoka juu. Mwanamke aliyenisomesha alionekana kama mtu anayeomba msaada.

Kamera ikimtazama mtu kutoka juu, inampunguza. Ikimtazama kutoka chini, inampa ukubwa, wakati mwingine hata vitisho. Ikiwa sawa na macho yake, mtazamaji anaketi naye kama mgeni wake. Hakuna kimo kibaya, ila kila kimo kinasema jambo. Kwa hivyo ukienda kumrekodi mama mboga, fundi wa viatu au mzee wa mtaa, chuchumaa. Keti chini ikibidi. Suruali itachafuka, na vumbi ni la kufua tu.

Ni rahisi mno kwetu vijana kwenda mitaa ya mabanda na kamera, tukarudi na picha za huruma. Watu wa Mathare au Kibera wamezoea kurekodiwa hivyo na wageni. Wewe usiwe mgeni wa namna hiyo mtaani mwako. Omba ruhusa kabla hujainua kamera, na mtu akisema hapana, hiyo ni hapana. Na kama kazi yako ni ya barabarani au katikati ya jiji, muulize mhadhiri mapema kuhusu vibali. Askari wa kaunti hatasikiliza maelezo kuhusu gredi zako.

Kupanga fremu: chagua 'kamera', acha 'fagia'

Kama hujui, pale Gikomba neno 'kamera' halihusu kupiga picha. Ni nguo za kwanza kuchaguliwa beli inapofunguliwa, zile safi ambazo wateja hukimbilia alfajiri. Zinazobaki mwisho huitwa 'fagia'. Nilikua nikimwona mama akifanya uchaguzi huo kwa sekunde mbili: inua, tazama, weka huku au tupa kule.

Kupanga fremu ni kazi hiyo hiyo. Mbele yako kuna vitu mia. Je, kipi kinabaki ndani ya mstatili na kipi kinatoka nje?

Anza kwa kuwasha gridi kwenye simu yako. Utaona mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo. Badala ya kumweka mtu katikati kila mara kama picha ya kitambulisho, msogeze hadi mstari mmoja wa wima. Macho yake yaweke karibu na mstari wa juu. Akiwa anatazama kulia, mwache na nafasi upande wa kulia, la sivyo ataonekana amebanwa ukutani. Juu ya kichwa acha nafasi ndogo tu. Ukiacha nyingi, mtu anaonekana kama anazama.

Halafu tazama nyuma yake. Wanaoanza hutazama uso na kusahau kwamba kuna nguzo ya stima imeota kichwani. Sogea hatua moja kushoto na nguzo inaondoka. Hatua hiyo haigharimu shilingi.

Kuna sheria moja inayowachanganya wengi, ile ya kutovuka mstari. Ifikirie hivi: Gor Mahia wanacheza na AFC Leopards. Kamera kuu za televisheni zinakaa upande mmoja wa uwanja, kwa hivyo unajua Gor wanashambulia kwenda kulia. Kama ghafla picha ingetoka upande wa pili, Gor wangeonekana wanashambulia kwenda kushoto, na wewe ungedhani wanajifunga. Watu wawili wanaoongea nao wana mstari kati yao. Chagua upande mmoja wa mstari huo na ubaki hapo, ili yule anayetazama kulia aendelee kutazama kulia na mwenzake kushoto. Ukitaka kuvunja sheria, ivunje ukijua kwa nini.

Jua la Kenya lina masharti yake

Tuko kwenye ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na uso wa mtu unapata vivuli vyeusi chini ya macho. Usimpange mtu hapo. Mpeleke chini ya kibaraza, kando ya ukuta wenye kivuli, au ndani ya nyumba karibu na dirisha. Mwanga wa dirishani ukimpiga kwa upande mmoja ni studio ya bure.

Mwanga mtamu ni ule wa asubuhi na wa jioni, lakini huku kwetu jua huzama kwa haraka. Ukichelewa kwa sababu mwigizaji wako bado yuko kwenye matatu, umeukosa. Panga shoti muhimu ziwe za kwanza.

Kosa jingine la kila siku ni kumweka mtu mbele ya dirisha au anga jeupe. Simu inaona mwangaza ule mkali, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso wenye ngozi nyeusi unageuka kivuli. Mgeuze mtu huyo aelekee kwenye mwanga. Kisha gusa uso wake kwenye skrini na ufunge mwanga hapo ili simu isiubadilishe katikati ya mazungumzo.

Na ukirekodi ndani kukiwa na taa za umeme, huenda ukaona picha inapepesa. Stima yetu ni ya hezi 50. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata iwe 1/50. Kupepesa huko kwa kawaida kutaisha. Programu ya kawaida ya simu ikikunyima mipangilio hiyo, pakua ya kurekodi video inayokuruhusu kuichagua.

Sasa tuje kwa sauti

Mhadhiri alituambia siku ya kwanza: mtu atavumilia picha mbaya, hatavumilia sauti mbaya. Tukacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nililivunja mbele ya mama yangu mzazi.

Jaribu mwenyewe. Tazama video yenye picha ya ukungu lakini sauti safi, utamaliza. Tazama yenye picha kali lakini maneno hayasikiki, utaiacha kabla ya dakika kuisha. Sikio halina subira.

Kosa langu la kwanza lilikuwa umbali. Maiki iliyo ndani ya kamera ilikuwa hatua nne kutoka kwa mama, na muuzaji mwenye kupiga kelele alikuwa hatua mbili. Maiki haijui nani ni muhimu. Inasikia aliye karibu na mwenye nguvu. Kila unapoongeza umbali mara mbili, sauti ya mtu hupungua kwa desibeli 6 hivi, huku kelele za soko zikibaki pale pale. Kwa hivyo kabla ya kutafuta maiki ghali, sogeza ile uliyo nayo.

Njia ya mwanafunzi ni hii. Nunua maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye shati. Yangu niliipata Luthuli Avenue kwa Sh700, baada ya madhara kutokea. Ibane kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu. Ichomeke kwenye simu ya pili, washa programu ya kurekodi sauti, na simu iingie mfukoni mwa anayeongea. Kamera ikishaanza, piga makofi mara moja mbele ya lenzi. Ukifika kwenye kuediti, utalinganisha mlio wa kofi na picha ya viganja vikikutana, na sauti itaingia mahali pake.

Kosa la pili lilikuwa kutovaa hedfoni. Hili halina utetezi, nilikuwa nazo begani! Ukivaa utasikia kila kitu kamera inachosikia: upepo, mkufu ukigonga maiki, friji ikinguruma. Kwenye mita, sauti ya mtu ikicheza karibu na -12 uko sawa. Ikigonga 0 imepasuka, na kuirekebisha baadaye ni kama kushona shati lililoungua.

Kosa la tatu ni kutolijua eneo. Kabla ya siku ya kazi, nenda mahali hapo saa ile ile utakayorekodi, funga macho dakika mbili, usikilize. Ukiwa Lang'ata au South C, ndege za Wilson zitakupitia juu. Subiri ipite, kisha mwombe mtu arudie sentensi. Adhana ikianza, pumzika hadi iishe. Mvua ikipiga mabati, funga kazi unywe chai. Ukizima friji ya mwenyeji, weka funguo zako ndani yake. Hutaondoka ukaisahau imezimwa na maziwa ya watu yakaharibika. Hiyo ni mbinu ya siku nyingi ya wanasauti.

Na kabla ya kuondoka, waombe wote wanyamaze, urekodi sekunde 30 za mahali penyewe pakiwa kimya. Kila chumba kina ukimya wake. Utautumia kuziba mapengo unapokata maneno, ili sauti isikatike kana kwamba mtu amezima radio.

Jifunze kwa wenzako

Huhitaji kusubiri darasa. Chukua *Nairobi Half Life* ya David 'Tosh' Gitonga, iliyotoka 2012, kuhusu kijana anayekuja Nairobi kutafuta uigizaji. Tazama dakika kumi ukiwa umezima sauti, uhesabu shoti. Kisha rudia dakika hizo ukiwa umefumba macho. Utashangaa ni mangapi ya Nairobi yaliyoingia kwako kwa masikio. Fanya hivyo na *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya 2018, ambamo kijiji kizima kinamtengenezea filamu msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa. Ile ni filamu inayokukumbusha kwa nini watu hutengeneza filamu.

Na ukidhani kazi ya mwanafunzi haifiki mbali, tafuta *Watu Wote*. Ni filamu fupi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, iliyotengenezwa hapa Kenya kuhusu shambulizi la basi lililokuwa likielekea Mandera mnamo Desemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutenganishwa na Wakristo. Ilianza kama kazi ya kuhitimu. Mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu tano fupi zilizoteuliwa kuwania Oscar katika kitengo chake.

Mama alirudi vipi

Sasa nimalize yangu. Baada ya moto, mama alikuwa na beli mbili alizokuwa ameziweka nyumbani. Zilijaza chumba chake cha kulala, mashati hadi karibu na dari. Jioni moja nikiwa pale nikimsaidia kupanga, nikagundua kwamba sauti zetu zimebadilika. Hazigongi ukuta na kurudi. Nguo zilikuwa zimezimeza. Mama alikuwa akilala kwenye studio bora kuliko ile ya chuo.

Nilimwomba asimulie tena. Akaniambia, "Mwanangu, mambo hayo nilishasema." Sikumsukuma. Siku mbili baadaye akaniamsha saa kumi alfajiri, saa yake ya kawaida ya kwenda sokoni, kabla matatu hazijaanza kupiga honi. Akasema, "Leta hicho kidude chako."

Hakusimulia kama mara ya kwanza. Hakulia. Hakutaja makoti ya Januari. Sehemu kubwa ilikuwa kuhusu kibanda chenyewe: kilikuwa wapi, nani alikuwa jirani, mlango ulifungwa vipi. Yote kwa wakati uliopita. Nikaweka sauti hiyo juu ya zile picha za Jumamosi, ambamo kibanda bado kipo, na mama yupo ndani yake akikung'uta shati. Ile ya kwanza siwezi kuirudisha, na sitajifanya kwamba hii ni nzuri kuliko ile. Lakini filamu ilipatikana.

Na zile kelele nilizozilaani? Nilizishusha, nikaziweka chini ya sauti ya mama. Nilipomwonyesha kwenye simu, alitazama kimya hadi dakika ya tatu, kisha akanishika mkono. "Rudisha kidogo." Nikarudisha. Akasogeza simu sikioni, hakuitazama tena. Kwa mbali muuzaji alikuwa akiimba "mia, mia, chagua na mia." Baada ya moto, jirani huyo alirudi kwao mashambani, na mama hajamwona tangu siku hiyo. Alinirudisha hapo mara nne.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla ya kutamani kamera ya mtu, fanya hivi. Chagua mtu mmoja wa nyumbani kwenu. Mshuti akifanya kazi yake ya kila siku: shoti pana, ya kati, ya karibu na ya karibu sana, sekunde kumi kila moja, kamera ikiwa sawa na macho yake. Mbanie maiki, vaa hedfoni, muulize swali moja tu: ulifikaje hapa? Kisha nyamaza, umsikilize hadi mwisho. Ukimaliza, rekodi sekunde 30 za mahali hapo, na uhifadhi kila kitu mahali pawili kabla hujalala.

Usiseme utarudi wiki ijayo. Mimi nilisema hivyo.